Athens mpaka Krete, nikiwafuata vijana ambao hakuna aliyewauliza majina

Nimesharudi Munich, nguo zimefuliwa, sasa ndio nakaa kuunganisha noti za kwenye simu na picha. Wengi mliniuliza nimekwenda kufanya nini Ugiriki mwezi wa nne wakati bahari bado baridi. Jibu ni riwaya. Kuna hadithi moja ya kale ya Wagiriki naiandika upya kwa Kiswahili, na nilifika mahali nikaona siwezi kuendelea bila kuikanyaga hiyo ardhi yenyewe.

Kwa asiyeijua, kwa kifupi: Minos mfalme wa kisiwa cha Krete alifiwa na mwanae Androgeos huko Athens, akawatoza Waathene fidia. Kila baada ya miaka tisa wanatoa wavulana saba na wasichana saba, wanapandishwa meli, wanaingizwa Labirinthi, jengo la vichochoro ambalo ukiingia hutoki, na humo wanaliwa na Minotauro, mtu mwenye kichwa cha fahali. Alafu anatokea Theseus, mwana wa mfalme wa Athens, Ariadne binti wa Minos anampa uzi wa kumrudisha njia, anamuua dude, anatoka, shujaa. Kila mtu anamkumbuka Theseus. Ila inavyosimuliwa yeye alikwenda na fungu la tatu, maana yake mafungu mawili yalishakwenda kabla yake, vijana ishirini na nane, na hao hakuna anayewazungumzia. Mimi nawataka hao.

Jumatatu, Athens

Kutoka uwanja wa ndege nilichukua metro, euro 9. Ukiwa na begi kubwa kaa karibu na mlango na ulishike, wezi wa mifukoni kwenye ile laini wapo na kila mtu atakuonya.

Nilifikia mtaa wa Kypseli kwa mama mmoja wa Kitanzania ambaye tuliunganishwa na rafiki, hatujawahi kuonana hata siku moja. Nimefika mlangoni, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, ingia, umekula?" na kabla sijavua viatu chai ya tangawizi iko mezani. Amekaa Athens miaka mingi akilea wazee wa watu majumbani. Usiku nikamsimulia ile hadithi yote mpaka mwisho, akasikiliza vizuri kabisa, alafu akaniuliza, "Sasa hiyo miaka tisa katikati, hilo dude linakula nini? Na hao watoto huko walikuwa wanafanyishwa kazi gani?"

Nilikaa na lile swali usiku mzima. Nimesoma mengi kuhusu hii hadithi na sikumbuki mtu kuuliza kazi.

Jumanne, bado Athens, usiku Piraeus

Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Jumanne hufunguliwa mchana sio asubuhi, kwahiyo usiwahi bure, angalia saa kwenye tovuti yao kabla ya kutoka.

Ukiingia tu, umati wote uko kwenye kinyago cha dhahabu kinachoitwa cha Agamemnon. Heinrich Schliemann alikifukua Mycenae mwaka 1876 akiamini kabisa amempata yule mfalme wa vita vya Troya, ila wataalamu wanakiweka kwenye miaka ya 1500 KK hivi, karne kadhaa kabla ya wakati ambao vita hivyo vinakadiriwa kutokea kama vilitokea. Jina limebaki hivyohivyo. Yaani mtu anakuja na hadithi kichwani, anachimba, akikuta uso anaupa jina ambalo tayari analo. Hii hatari inamhusu mtunzi wa riwaya kuliko mtu yeyote, kwasababu sisi hatuna hata koleo.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya vibao vya udongo. Ni vidogo, vya rangi ya matofali, vimechorwa alama za mwandiko unaoitwa Linear B, na mbele yake nilisimama peke yangu muda mrefu tu. Vingi vimetoka Pylos, kasri lililochimbwa na Carl Blegen kuanzia 1939. Michael Ventris alifumbua ule mwandiko mwaka 1952 na watu wakashangaa, ni Kigiriki, Kigiriki cha zamani sana. Ukisoma yaliyoandikwa hakuna mashujaa wala miungu wanaopigana. Ni hesabu za karani. Ngano kiasi gani, mafuta kiasi gani, wanawake wangapi. Na hapo kwenye wanawake ndipo moyo ulinienda mbio, kwasababu Pylos wanaorodheshwa wanawake kwa makundi, wa Mileto, wa Knido, wa Lemno, watu wa ng'ambo ya bahari, wanasaga nafaka, wanasokota sufu, wanapimiwa posho, na pembeni idadi ya watoto wao wa kike na wa kiume. Kundi mojawapo linaitwa mateka wazi kabisa.

Kwahiyo swali la mama wa Kypseli lina jibu, na limeandikwa.

Meli ya Krete inaondoka Piraeus usiku na kufika Heraklion alfajiri. Kiti cha kawaida nililipa euro 46, kabini ni zaidi ya mara mbili. Bandari ya Piraeus ni kubwa mno na geti za Krete ziko mbali na kituo cha metro, ila kuna basi ya bure inazunguka humo ndani, iulizie, usiburute begi kilomita nzima. Upepo ulikuwa mkali tukakaa saa mbili na zaidi bila kuondoka. Mzee dereva wa lori la machungwa, kiti cha jirani, alinigawia mkate na zeituni kwenye karatasi, hatuna lugha ya pamoja hata moja, tunaonyeshana picha za watoto kwenye simu mpaka meli ikatikisika ikaondoka.

Sikulala, nikawa nasoma maisha ya Theseus yaliyoandikwa na Plutarko, mwandishi wa kale wa Kigiriki. Watu wanadhani kuzitafutia hadithi hizi ukweli ni jambo la siku hizi, la riwaya za kisasa, wakati yeye mwenyewe aliyeandika karibu miaka 1,900 iliyopita anataja walioshafanya hivyo kabla yake. Anasema Wakrete wenyewe walikataa habari ya kuliwa, wakidai Labirinthi lilikuwa gereza tu, na vijana walikuwa zawadi kwa washindi wa michezo ya kumkumbuka Androgeos. Na anamtaja Aristotle, kwamba yeye naye hakuamini kuwa waliuawa, bali waliishi Krete wakizeeka katika utumwa. Nimelisoma hilo katikati ya bahari ileile waliyopita. Alafu Plutarko anaongeza kitu ambacho nimekiandika kwenye ukuta wa chumba changu: ni balaa kuwa adui wa mji wenye lugha na fasihi. Minos alitukanwa kwenye majukwaa ya maigizo ya Athens vizazi kwa vizazi, na yeye hakuwa na jukwaa.

Jumatano, Heraklion

Saa kumi na mbili na kitu asubuhi tuko nje na mabegi. Chumba nilichopata ni euro 45 kwa usiku, safi, karibu na kituo cha mabasi, mwenye nyumba akaniruhusu kuacha begi na kuoga kabla ya muda wa kuingia bila kuongeza hata senti. Chai yangu ya asubuhi ilikuwa bougatsa pale uwanja wa chemchemi ya simba, keki ya tabaka nyembamba yenye krimu ya moto na mdalasini juu, agiza nusu ya krimu nusu ya jibini.

Makumbusho ya Heraklion tenga siku nzima. Ule mchoro maarufu wa fahali akiruka kasi na kijana akipinduka mgongoni kwake upo humo, na ukiuona ana kwa ana unaelewa kwanini ng'ombe hakuweza kukosekana kwenye hadithi. Ila mimi nilirudi tena kwenye vibao. Kuna kimoja cha Knossos, kasri la kale nje kidogo ya mji, kinachotaja mtungi mmoja wa asali kwa miungu wote, na mtungi mmoja wa asali kwa Bibi wa Labirinthi. Bibi. Hakuna dume lenye pembe, kuna bibi mwenye heshima anayepelekewa asali, na hiyo ni rekodi ya karne ya 14 KK hivi, mamia ya miaka kabla ya mtunzi yeyote wa Athens kuzaliwa.

Kuna kingine cha kuvunja moyo. Vibao vya Knossos vinahesabu kondoo wanaokaribia laki moja, kasri lilikuwa linaendeshwa kwa sufu, na makundi ya wanawake wanaoifanyia kazi hiyo sufu, pamoja na watoto, mara nyingi wanaandikwa kwa idadi tu. Wakati huohuo kuna vibao vya maksai, jozi za kulimia, na maksai wana majina! Kelainos. Podargos. Stomargos. Mfugaji yeyote wa kwetu ataona ni kawaida ng'ombe kuwa na jina, na ni kawaida kweli. Ila kasri lilelile, udongo uleule, linamwita maksai kwa jina na mama linamweka kwenye jumla.

Hapo nilijua sura ya kwanza inaanza na karani. Dude linameza watu, ndio, na dude lenyewe ni lile jengo pamoja na hesabu zake.

Alhamisi, Knossos

Basi namba 2 kutoka mjini, kama dakika 20. Nunua tiketi ya basi kibandani, ukinunua kwa dereva ni ghali zaidi. Kiingilio nililipa euro 20. Nenda wanapofungua, kuanzia saa nne asubuhi makundi ya watalii wa meli yanajaa na foleni ya kuona chumba cha kiti cha enzi inakuwa ndefu. Beba maji na kofia.

Knossos ina watu wanaoipenda na wanaokasirika. Wa kwanza kuchimba alikuwa Mkrete, Minos Kalokairinos, mwaka 1878, jina lake halitajwi inavyostahili. Arthur Evans alianza mwaka 1900, akafukua sehemu kubwa, alafu akaijenga upya kwa zege, nguzo nyekundu, dari, michoro iliyokamilishwa kutokana na vipande vichache. Yule anayeitwa Mwanamfalme wa Mayungiyungi aliunganishwa kutoka vipande ambavyo wataalamu wengi wanaona si vya mtu mmoja. Na Evans ndiye aliyeeneza kuwaita watu wa kale wa Krete Waminoa, kwa jina la Minos, mfalme ambaye hatujampata kwenye kibao wala kaburi lolote. Hadithi ikaingia ndani ya sayansi ikakaa.

Sikumchukia Evans. Alichokifanya kwa zege ndicho ninachokifanya kwa maneno, najaza mapengo. Tofauti ni kwamba riwaya imeandikwa riwaya kwenye jalada, lakini zege likishamwagwa ni vigumu mgeni kujua wapi pa kale na wapi pa mwaka 1930. Kwahiyo nimejiwekea sharti: ardhi ikisema, siipingi, ardhi ikinyamaza ndipo natunga.

Nilikaa zaidi upande wa magharibi, kwenye maghala. Ni vyumba virefu vyembamba vimepangana, na mitungi ya udongo ambayo mingine inanifika kifuani. Ukitembea humo unapoteza upande, huhitaji mchawi wala kuta za ajabu. Msichana wa miaka kumi na tano aliyetolewa nyumba ya vyumba viwili huko Attika, pande za Athens, akaletwa kwenye jengo la vyumba zaidi ya elfu la ghorofa kadhaa, asiyejua lugha, angesimulia nini kama angepata wa kumsimulia? Angesema hakuna njia ya kutokea.

Moto ndio uliovihifadhi vile vibao. Havikuchomwa makusudi, vilikuwa udongo mbichi wa matumizi ya mwaka mmoja, kasri lilipoungua vikaokwa. Siku ambayo kasri lilianguka ndiyo siku ambayo hesabu ya wale wanawake iliwekwa ya kudumu.

Chakula cha mchana nje ya geti ni bei ya watalii. Rudi mjini.

Ijumaa, Archanes na Anemospilia

Siku hii ndio niliyoisafiria.

Basi ya Archanes chini ya euro 3, barabara inapanda katikati ya mizabibu na mizeituni. Mlima Juktas unaonekana tangu Heraklion, ukiutazama kwa mbali ni uso wa mwanamume amelala chali, na Wakrete wa kale walisema ndio kaburi la Zeus. Wagiriki wengine walichukia sana, mungu hafi, na mshairi Kallimakho aliwaita Wakrete waongo kwa sababu ya hilo kaburi. Ndio ile sauti inayosikika mpaka kwenye Biblia zetu, Tito 1:12, Wakrete ni waongo siku zote. Nimekua nikiusikia huo mstari kanisani Tanga bila kujua nyuma yake kuna ubishi kama huo.

Anemospilia iko kama kilomita tatu juu ya mji, hakuna basi, hakuna kiingilio, imezungushiwa uzio na geti lina kufuli, unatazamia nje. Nilianza kupanda kwa miguu, jua kali, mama mmoja na pikapu yake akasimama, akaniuliza kwa ishara naenda wapi, nikamwonyesha kwenye simu. Alinifikisha, akanisubiri kivulini karibu saa nzima akichuma majani ya porini, na pesa alikataa.

Ni kijengo kidogo tu, vyumba vitatu na korido. Yannis Sakellarakis na Efi Sapouna-Sakellaraki walikichimba mwaka 1979. Kiliporomoshwa na tetemeko la ardhi kama mwaka 1700 KK, na chini ya mawe walikuta watu wanne. Mmoja ni kijana wa miaka kama 18, juu ya jukwaa, amelala kwa ubavu, miguu imekunjwa kama aliyefungwa, na juu yake kisu kirefu cha shaba chenye picha ya mnyama. Karibu yake mwanamume mrefu mwenye pete na mwanamke. Wa nne alikuwa koridoni, na chombo chenye picha ya fahali kilipatikana kimevunjika hapohapo. Wachimbaji walisema ni kafara: ardhi inatikisika, wanamtoa mtu ili itulie, jengo linawaangukia wote. Wapo wataalamu wasiokubali, wanasema huenda wote ni wahanga wa tetemeko tu. Mwaka huohuo 1979 mwanaakiolojia Peter Warren alikuta Knossos mifupa ya watoto yenye alama za kukatwa, nayo hubishaniwa mpaka leo.

Nilishika ule uzio nikaomba, kwa huyo kijana, kwa namna niliyofundishwa nyumbani. Nilikuja nimeshajiridhisha kuwa vijana wangu walifanyishwa kazi, hesabu imekaa sawa, na hapa kuna kisu. Siwezi kukiondoa kwenye riwaya kwasababu kinaharibu wazo langu zuri. Yule wa jukwaani ni wa karne tatu kabla ya vibao, huenda ni Mkrete halisi, mtoto wa hapohapo kijijini. Basi kwenye riwaya itakuwa hivi: wenyeji wanakumbuka, bibi zao wamewasimulia, na msichana wangu anatishwa kwa hadithi ya mlimani kila akichelewesha sufu. Dude linaishi kwenye vinywa vya wasimamizi.

Nilivyogeuka yule mama aliniona macho, hakuuliza. Alinipeleka kwake Archanes akachemsha yale majani, akayawekea limau na mafuta ya zeituni kibao, na paximadi, mkate mkavu wa shayiri, juu nyanya na jibini laini. Nilikula kama niko kwa mama yangu, mboga ileile chungu kidogo kama mnavu. Mwanae wa kike alikuja akatutafsiria. Nikauliza wao shuleni hadithi hii wanafundishwaje, akacheka, akasema wanafundishwa ileile ya Theseus, ila babu yake alikuwa akiwaambia Waathene walihitaji dude ili wasiseme walishindwa vita.

Jumamosi, Gortyn

Basi ya kuelekea Mires, unashuka Gortyn. Kuna mti wa platano usiopukutisha majani, wanasema chini yake Zeus alilala na Europa aliyemteka kutoka Foinike, pwani ya Lebanoni ya leo, na mtoto wao ndiye Minos. Yaani ukoo mzima unaanza na msichana aliyevushwa bahari bila hiari, hata kabla ya Athens kuingia.

Ukutani kuna sheria za Gortyn, karne ya 5 KK, mistari karibu 600, imechongwa ikienda kulia kisha ikirudi kushoto kama jembe shambani. Faini za kumbaka mtu zinapangwa kwa hadhi, mtumwa wa nyumbani anashika mkia. Mamia ya miaka baada ya vibao bado kuna orodha. Karibu na hapo kuna machimbo ya mawe ya chini ya ardhi ambayo wasafiri wa zamani waliyaamini kuwa ndiyo Labirinthi, Wajerumani waliweka risasi humo wakati wa vita kuu ya pili, na pamefungwa. Usijaribu kuingia.

Nilisubiri basi ya kurudi saa moja na nusu juani, mwenye mgahawa akanitolea kiti na maji. Phaistos, kasri jingine la kale, sikufika.

Jumapili, kurudi

Meli, metro, chai ya mwisho Kypseli. Nikamwambia mama, "Nimewapata, walikuwa wanasokota sufu." Akasema, "Na mishahara?"

Ninaandika sasa. Theseus atakuwa na kurasa kama sita hivi, anakuja, anaondoka na fungu lake, wale wa zamani wanabaki kwasababu hakuna aliyemwambia kwamba wapo. Na mwisho nimeshaupata, kwa Plutarko yuleyule, akimfuata Aristotle. Anasema wazao wa wale Waathene walichanganyika na Wakrete waliotumwa kwenye hekalu la Delphi, hawakuweza kuishi huko, wakavuka hadi Italia, alafu wakarudi mpaka upande wa Thrace wakaitwa Wabottia. Na wasichana wao, vizazi na vizazi baadaye, walipokuwa wakitoa sadaka fulani walikuwa na kiitikio: twendeni Athens.

Bottia ilikuwa kaskazini, pande za Thessaloniki ya leo. Kuna basi kutoka Athens, na treni pia. Naanza kuchanga nauli, aliyewahi kufika huko aniandikie malazi ya bei nafuu yako wapi na mwezi gani mvua inapungua.